Mzee wangu aligoma kujazwa gesi tumboni, mpaka alipomuuliza daktari habari za moshi

Wakuu, salaam kutoka Shanwe, Mpanda. Haya nimeyashuhudia kwa macho yangu, chumvi nimeiacha jikoni.

Baba yangu ni mrina asali, mizinga yake iko Ugalla. Ana miaka sabini na kitu, mbishi, na anawapenda nyuki wake kuliko sisi wanawe. Mama anasema hata yeye amepitwa.

Mwaka jana mkojo ukaanza kumsumbua. Akaficha miezi kibao, anajitibu kwa mizizi.

Tulipomburuza hospitali, vipimo vikaonyesha kansa ya tezi dume. Ilikuwa haijasambaa, lakini tukaambiwa tusichelewe.

Dada yangu Stella anaishi India, akatutafutia hospitali inayofanya surgery kwa robot. Ukoo ukajipanga, pasipoti ikatoka.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwa kujifanya mjuaji, nikamsimulia mzee kwamba watamtoboa matundu madogo, halafu tumbo litajazwa gesi livimbe, mikono ya robot ipate nafasi.

Huku kwetu kila mtu ameshaona ng'ombe akivimba tumbo, na anajua mwisho wake.

Mzee akasema, "Mimi sijazwi upepo. Nitakufa na tumbo langu hivi lilivyo."

Wiki mbili, wakuu. Mchungaji kaja, mama kalia, mzee anachonga mizinga tu. Na mimi najua kabisa akifa, kilichomuua ni mdomo wangu.

Stella akaomba video call na daktari mwenyewe, yeye awe mkalimani. Mzee akavaa koti la kanisani. Hakuuliza kansa wala robot.

"Mwambie mimi nikifungua mzinga naweka moshi. Ukizidi, nyuki wanavurugika na asali inanuka. Yeye huo upepo wake anaweka kiasi gani?"

Daktari alipotafsiriwa alicheka, kicheko cha mtu aliyefurahi. Akajibu kuwa yeye ni mtu wa presha ndogo: gesi inaingia ya kutosha tu kunyanyua tumbo, aone anachokata. Damu ikimzuia kuona ataongeza kidogo, na akimaliza anaitoa.

Hakuficha kwamba bega linaweza kuuma siku chache kwa sababu ya gesi hiyo, ila ikiwekwa kidogo, mara nyingi na maumivu hupungua.

Mzee akanigeukia. "Huyu angekuwa Ugalla angerina. Nipelekeni."

Surgery ikaenda salama. Bega liliuma siku mbili, akalalamika kwa wiki mbili. Mkojo ulimtoka ovyo miezi kadhaa, akawa anavaa pedi, na akaniapisha nisimwambie mtu yeyote wa Ugalla. (Humu hamumjui, kwa hiyo kiapo bado kipo.)

Vipimo vya juzi ni visafi. Namshukuru Mungu sana.

Sasa kuna kitu sijawaambia. Nikiwa darasa la tano, mzee alinipa bomba la moshi kwa mara ya kwanza. Nikafukiza kwa sifa, asali ya mzinga mzima ikanuka moshi. Tangu siku hiyo hajawahi kunishikisha tena, na sasa nina watoto watatu.

Msimu huu tumerudi porini. Mzinga wa kwanza, akanipa bomba.

Nikafukiza mara moja. Mara ya pili. Akaniwekea mkono begani.

"Inatosha, daktari."

Nililia, na moshi haukuhusika.

Nilichojifunza: mzee akikataa matibabu, usikimbilie kumwita mbishi. Labda ana swali, na hakuna aliyempa nafasi ya kuliuliza kwa lugha ya kazi yake. Na nyie ambao baba zenu wanakwenda chooni kila saa huku wanasema ni uzee, wapelekeni wakapime.

Haya, tiririkeni. Nani humu ana mzazi aliyegoma hospitali, na nini kilimlainisha?