Hamira ya Mwalimu Nathanael

Lydia Sumari wa Lemara ana duka la dawa za mifugo pale Tengeru, na kwa miaka kumi na tisa ametunza chanjo za kuku kwenye friji bila kuharibu hata chupa moja. Umeme ukikatika, anajua barafu yake itahimili saa ngapi. Mteja akithubutu kutia chanjo mfukoni mwa koti, anarudishwa kutoka mlangoni. Kwa kifupi, ukitaka kujua namna ya kutunza kitu kilicho hai ndani ya pakiti, Lydia ndiye wa kuulizwa. Ndiyo maana mume wake hakuona sababu ya kumuuliza.

Mume huyo ni Nathanael, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mwaka juzi alikwenda Ujerumani kumsalimia binti yao Brenda, akakaa wiki sita, akarudi mtaalamu wa bia. Mkwe wake alikuwa amemfundisha kuipika nyumbani. Begini alishusha kipimajoto, kimea cha shayiri, na pakiti ya nusu kilo ya hamira kavu ya bia, iliyofyonzwa hewa mpaka ikawa ngumu kama tofali. Ndoo ya lita ishirini ilihitaji kijiko kimoja kikubwa tu. Mwalimu alikuwa na hamira ya kumfikisha kiama.

Siku hiyohiyo alilikata tofali kwa mkasi, akaimimina hamira kwenye kopo la biskuti, akaliweka dirishani jikoni, pale hasa jua la mchana linapopiga na mvuke wa sufuria unapotulia.

"Baba Brenda," Lydia alisema, "hicho kitu ni hai, kimelala tu. Kikipata joto na unyevu kitakufa. Nipe nikifunge vizuri nikiweke kwenye friji."

"Mama Brenda, hii ni sayansi ya Wajerumani. Siyo chanjo ya kuku."

Lydia alisubiri mume aende kikao cha wazee wa usharika, akachota vijiko saba, akavitia kimoja kimoja kwenye vichupa vikavu vyenye vifuniko vya kubana, akaandika tarehe, akavipanga kwenye friji nyuma ya samli.

Bia ya kwanza ilitoka nzuri kweli, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Nathanael alianza kuwafundisha majirani. Ya pili ilisuasua, akalaumu kimea. Ya tatu ikachukua siku nne kutoa povu, akalaumu maji ya Meru, ambayo yanajulikana kwa kuharibu rangi ya meno yetu lakini kesi ya hamira hayakuwahi kushtakiwa nayo. Kisha akalaumu baridi ya Juni, akaivika ndoo shuka la mkewe na kukaa kando yake kama anauguza. Kopo la dirishani halikuulizwa lolote.

Mwaka huu kaka yake, Anaeli wa Kikwe, alitimiza miaka sabini, na ukoo ukapanga sherehe. Nathanael alisimama kikaoni akatangaza kwamba pombe ya ndizi imepitwa na wakati, yeye ataleta lita arobaini za bia ya kisasa.

"Sawa, shemeji," alisema Magreth, mke wa Anaeli, ambaye amepika pombe ya ndizi tangu alipoolewa. "Na mimi nitapika kidogo, ya akiba."

Mwezi mmoja kabla ya sherehe, Mwalimu alipika, akapoza, akanyunyiza hamira vijiko vitano kwa uhakika zaidi. Siku mbili zikapita. Ndoo zote mbili zilitulia kimya, tamu kama uji wa mgonjwa.

Jumamosi mchana Lydia alirudi kutoka dukani, akamkuta mumewe kwenye kigoda mbele ya ndoo, mikono ina malengelenge ya kuungua sufuria.

"Labda nimezeeka, Mama Brenda," alisema. "Labda kichwa hakishiki tena."

Kicheko alichokuwa amekitunza kwa mwaka mzima, Lydia alikirudisha akiba. Alichemsha maji, akayaacha yapoe mpaka yakawa ya uvuguvugu wa kumwogesha mtoto mchanga, akayagawa kwenye glasi mbili na sukari kidogo. Glasi moja akaitilia hamira ya kopo la dirishani, nyingine ya kichupa. Wakakaa kusubiri. Baada ya robo saa, glasi ya pili ilikuwa imevimba povu mpaka ukingoni. Ya kwanza ilikuwa na tope chini, kama maji ya mto Themi baada ya mvua.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye chanjo za kuku."

Nathanael alitazama glasi, akamtazama mkewe, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Vichupa viwili vikaingia kwenye ndoo jioni ile, na kesho yake asubuhi zilikuwa zinatokota.

Kikwe bia ilisifiwa, naye mpishi akasimama kutoa hotuba. "Ndugu zangu, siri ni uhifadhi wa hamira kwenye friji. Nimefanya utafiti wa muda mrefu…"

"Shemeji," Magreth alimkatiza, "ikitoka kwenye friji unaitia palepale, au unaisubiri? Na ikishafunguliwa inadumu muda gani?"

Mtafiti alimgeukia mkewe. "Hayo," alisema, "atayajibu mwenzangu."

Katika boma lile, kwa miaka thelathini na moja ya ndoa, Lydia alikuwa ameombwa kusema mbele ya watu mara moja tu: kuombea chakula. Alisimama. Akaeleza kwamba inaachwa kwanza mezani ipoteze baridi, kwamba maji ya moto yanaiua, kwamba vichupa vidogo ni bora kwa sababu huifungulii hewa akiba yote kila siku. Alizungumza dakika ishirini, na Anaeli mwenyewe akamsogezea kiti aketi karibu naye.

Jumatatu Magreth alifika dukani Tengeru na kichupa kikavu, kisafi, akitaka kuijaribu hamira kwenye ndizi. Alipewa kijiko kizima. Nathanael alipouliza vimebaki vichupa vingapi, aliambiwa aandike barua ya maombi.