Nilikuwa Naizima Taa ya Gari ili Mwanangu Arudi

Admin, jina langu lisitiri. Mwanangu nimemwita Salim, silo jina lake. Na nyinyi wasomaji, tukaneni mkimaliza kusoma, si kabla.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa Mombasa, naishi Stechford hapa Birmingham. Mama yake Salim alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo nyumba nzima ni mimi na redio. Huko nyumbani nilikuwa fundi wa magari Changamwe, fundi wa kusikiliza. Gari likipita tu nakwambia plagi ipi imechoka. Hapa nimefanya kazi ya ghala mpaka mgongo ukakataa.

Salim ana mke na binti wa miaka miwili, wanakaa upande wa Edgbaston. Zamani alikuwa ananitembelea kwa simu. "Baba, uko sawa? Okay, nitakupigia." Halafu siku moja akaja na kidude kidogo kama kiberiti, cha bei rahisi kabisa, amekiagiza mtandaoni. Unakichomeka chini ya usukani, kinaongea na simu yako kwa bluetooth, na simu inakuonyesha joto la injini, mizunguko, na taa ya injini ikiwaka inakutajia ugonjwa. Nilimcheka. "Yaani mimi fundi niiulize simu?" Akasema, "Just try it, Baba." Kidude kikabaki garini mwake, app ikakaa kwenye simu yangu, na kila Jumamosi saa nne asubuhi akawa analeta gari nilipime.

Jamani, zile Jumamosi! Mahamri nilikuwa naumua tangu alfajiri. Boneti wazi, tumeinama wote wawili, namfundisha soketi za nyaya moja moja, kila moja na klipu yake. Ananijibu nusu Kiingereza, ndivyo walivyo waliokulia huku, lakini Kiswahili changu chote anakielewa, mpaka matusi ninayoitukana injini. Nilikuwa na furaha, sifichi.

Sasa aibu yangu. Siku moja taa ikawaka. Simu ikasema silinda ya tatu inakosa moto. Nikajua hapo hapo ni koili, kazi ya robo saa, na koili yenyewe ninayo stoo. Salim akasema, "Hii ikipona, Baba, nitapunguza kuja kidogo. Saturdays tuko busy sana." Nikaishika simu, nikabonyeza pale pa kufuta hitilafu. Taa ikazimika. Nikamwambia, "Tuiangalie tena wiki ijayo."

Nilijua itarudi. Ikarudi, naye akarudi. Nikaifuta tena. Wiki saba, wallahi, dawa iko stoo na mgonjwa namrudisha kwao.

Wiki ya nane gari likapoteza nguvu, likazima kwenye motorway. Mkamwana wangu ndiye aliyekuwa akiendesha, mtoto kiti cha nyuma, malori yanawapita kwa kasi. Mungu aliwanusuru, hawakuguswa. Walipolipeleka gereji, kompyuta ya gari ikaonyesha kwamba hitilafu ilikuwa imefutwa maili chache tu nyuma.

Salim akaja kwangu. Hakuketi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Why, Baba? Mtoto wangu alikuwa ndani!"

Ningesema tu, mwanangu, nilikuwa natafuta sababu ya wewe kuja. Badala yake kiburi cha ufundi kikanipanda, nikamwambia, "Nyinyi watoto wa huku magari hamyajui, mnajua kulalamika." Akanitazama, akaondoka. Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Simu yake siioni, shikamoo ya mkamwana siisikii. Siku ya Idi nilipika pilau ya watu sita, nikaila peke yangu mpaka Jumatano.

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi saa nne, simu ikalia mezani: imeunganishwa. Kile kidude hakifiki mbali, ni hatua chache tu. Nikachungulia pazia. Gari la Salim, limejibanza mbele ya gari la jirani. Kwenye simu naona injini inazunguka, joto sawa, mwendo sifuri. Nikabandika chai, nikatoa vikombe viwili, nikangoja mlango ugongwe. Dakika kumi na moja. Kisha simu ikaandika: imekatika.

Jumamosi iliyofuata, vilevile. Nilisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, nikashindwa. Naogopa, ndugu zangu. Nikitoka atajua kwamba gari lake bado nalisoma, huenda akakichomoa kile kidude, na hata hizo dakika kumi na moja nizikose.

Jumamosi iliyopita alikuja tena, na safari hii taa ya injini ilikuwa imewaka. Simu inasema soketi ya kipimo cha hewa imetoka. Sasa mimi ni fundi, niwaambie: ile soketi haitoki ovyo. Ina klipu, lazima uifinye kwa kidole gumba ndipo iachie. Salim anajua, mimi ndiye niliyemfundisha. Labda fundi wa gereji aliisahau. Labda. Niliangalia ile taa kwenye simu mpaka gari likaondoka, na sikuifuta.

Keshokutwa ni Jumamosi. Wenye watoto na msio nao, niambieni: nitoke? Na nikitoka, nibebe kisanduku changu cha spana, tuinamie boneti kana kwamba hakuna kilichotokea? Au nitoke mikono mitupu, nimwambie kwamba sikuwa na shida na gari, niliyekuwa na haja naye ni yeye? Nishaurini, lakini mnijibu kabla ya saa nne.