Mchanganya Dawa wa Gatitu

Kwa miaka kumi na mmoja Watiri alichanganya dawa zote za zahanati moja ndogo kule Gatitu, na miaka hiyo yote daftarini aliandikwa mwosha chupa. Mchanganya dawa alikuwa Moffat, bwana wa tai na koti jeupe, ambaye kinu cha kusagia dawa alikigusa tu akitafuta pa kuweka kikombe chake cha chai. Jamani, jambo hilo lilimuuma Watiri.

Mwaka wa sitini na nne habari zikaja kwamba wafanyakazi watapimwa upya, na atakayefaulu atapewa cheti na kazi ya kudumu. Watiri akamwomba Moffat aandike jina lake pia. Moffat akacheka sana, akasema hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma, anayeijua kama yeye, si ya mama wa matambara. Lakini Moffat huyohuyo alipokuja kuomba aonyeshwe ile dawa nyeupe ya kuhara, Watiri alimwonyesha bila kinyongo usoni: tia unga kwenye chupa, mimina maji, tikisa, basi.

Siku ikafika. Mkaguzi, Bwana Theuri, akamuuliza Moffat kuchanganya dawa maana yake nini. Moffat akajibu kifua mbele kwamba ni kutia unga ndani ya maji na kutikisa. Akatikisa mpaka jasho likamtoka. Unga ukashikana mabonge, ukakaa chini. Theuri akasema kwa chupa ile mgonjwa angekunywa maji siku ya kwanza, na siku ya mwisho ameze dawa yote kwa mpigo.

"Huyu mama ndiye alinifunza hivyo!" Moffat akaropoka.

Theuri akaweka kalamu chini. Akataka kujua tangu lini mwosha chupa akamfunza mchanganya dawa kazi. Kisha akamwita Watiri ajaribu yeye.

Watiri akavuta kinu. Akasaga unga kwa maji kidogo mpaka ukawa uji mzito, ndipo akaongeza maji polepole, dawa ikatoka laini kama maziwa. Theuri akamuuliza mbona hakumfunza mwenzake hivyo.

"Alisema ni kazi yenye anajua, nikamwachia kinu," akasema.

Cheti kikawa chake. Moffat akabakishwa, lakini kwa kuosha chupa. Jumatatu akaleta chupa ya kwanza aliyoosha, na Watiri akaiinua dirishani, akaigeuza na kuigeuza. Ilikuwa safi kabisa.

"Rudia," akamwambia.