Vestina Aliyeiamini Mashine

Vestina Niyubahwe alivuka kutoka Burundi mwaka 1993, baada ya vita kumtenganisha na mdogo wake, Pasikali Ndayikunda. Akapewa turubai kambini, karibu na Kasulu. Mwanzoni alitafuta kama tunavyotafuta watu huku kwetu: anamsimamisha kila mgeni, kwenu wapi, baba yako nani, njiani ulimpita nani.

Halafu shirika likaleta kompyuta, na mambo yakabadilika. Ya nini kuchosha mdomo na mashine yenye akili ipo? Saady, kijana wa Kasulu mjini aliyeiendesha, akabonyeza, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Nduguyo hayupo, dada. Kambi zote."

"Ego," Vestina akaitikia ndiyo kwa Kirundi, na kuuliza watu akaacha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana mwanamke yule alikuwa hodari wa kudadisi, hata ungemkimbia.

Miaka ikapita. Siku moja sokoni alikuwa akicheka, na Immakulata, mchuuzi wa chumvi aliyewahi kuishi kambi ya upande wa Kibondo, akaduwaa.

"Hivi wewe si dada yake Pasikali? Mnacheka sawasawa! Nilimwacha kule mwaka jana."

Vestina alimwendea Saady hasira zimempanda. Saady akaeleza, macho chini. Mashine haimjui mtu, hufananisha tu, kwa jinsi ilivyofundishwa. Akina Ndayikunda walikuwa wengi, nayo ilifundishwa kumchagua mwenye jina la ukoo kama la anayemtafuta. Waliounda mashine wametoka nchi ambako watoto wa baba mmoja hubeba jina moja. Kwetu kila mtoto ana jina lake, basi mashine ikakosa Niyubahwe mwingine, ikasema hayupo.

"Mbona hukuiambia?"

"Nilidhani inajua, dada."

Vestina akadandia lori la mahindi hadi Kibondo. Kibanda cha Pasikali alikikuta kina watu wengine. Mama wa jirani, Mpawenimana, ndiye aliyemsimulia. Pasikali naye alikuwa ameiuliza mashine ya kule, ikamjibu vilevile. Akaamini dada yake amekufa. Akanyoa nywele, akaaga, akarudi Burundi na vita bado vinawaka.

"Alisema hawezi kukuacha ulale porini bila kaburi," mama yule akasema. "Alikwenda kukutafuta akuzike. Hatujamsikia tena."

Vestina akaketi chini, mlangoni pa watu asiowajua.

"Nilikuwa Kasulu," akasema. "Mimi nilikuwa Kasulu tu, nalima maharage."