Milango Miwili Myeupe ya Pikapu ya Marehemu

Admin, jina langu lifiche, na wa Karatu watakaonihisi naomba wanyamaze. Nina miaka sitini na saba, mjane, watoto watatu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Aliyekuja kucheka acheke apite, hapa nimeleta jambo linalonila moyo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mume wangu alikuwa na pikapu kuukuu, aliyoinunua kwenye shamba la kahawa alikokuwa dereva. Ilikuwa ya bluu, imeliwa na kutu. Alibebea mahindi kutoka Qurus kupandisha Nainokanoka kwa Wamasai. Aliipenda mpaka nikawa naiita mke mwenzangu, naye anacheka tu. Ikamwingia kichwani kwamba lazima iwe nyeupe, maana magari ya watu wa maana yote ni meupe.

Enzi zile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, sembuse rangi ya gari. Fundi alikuwa na makopo mawili tu. Moja nyeupe ya kung'aa, iliyopenyezwa kutoka Kenya. La pili nyeupe iliyopoa, haing'ai hata kidogo, kama ukuta wa zahanati. Mume wangu akakwama hapo. Ya kung'aa ukiifuta vumbi linatoka mara moja, lakini kila palipobonyea panaonekana. Iliyopoa inaficha mabonde yote, ila hili vumbi letu jekundu likishaingia halitoki. Wiki mbili nzima pikapu imekwanguliwa iko kwa fundi, na yeye kila akirudi ananiambia, "Mama Rehema, njoo uchague wewe. Nataka iwe uliyochagua wewe."

Sasa mimi nina mimba ya huyu wa mwisho, na mama yangu yuko Mbulu anaumwa, wamenitumia habari niwahi. Nataka kupelekwa kwa mama, yeye anaongea rangi. Nilikwenda kwa fundi nimefura, wifi yangu, dada yake mume wangu, akanisindikiza. Mume wangu akafunua makopo, anatabasamu, akaniuliza, "Haya, ipi?"

Nikamjibu, "Nyeupe ni nyeupe tu. Hata sanda ni nyeupe."

Fundi akaacha kukoroga. Wifi akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mbona unamchuria mwenzio?" Mume wangu aliinama akafunika makopo yake. Niliona nimemuumiza, na kusema kweli nilifurahi.

Kesho yake alikuja na pikapu nyumbani. Bodi yote ilikuwa bado na rangi ya kijivu ya chini, lakini mlango mmoja amepakwa ya kung'aa na wa pili iliyopoa. Akaiegesha mbele ya jiko langu. Akasema, "Jua likiipiga utazame, kisha uniambie. Kuna mzigo mmoja wa Nainokanoka nilishauahidi, nikishuka tu nakupeleka kwa mama." Nilikuwa napepeta maharage. Niliendelea kupepeta, sikuinua macho.

Huko juu mvua ilimkamata, pikapu ikazama kwenye tope. Alikaa siku mbili kwenye baridi na ukungu mpaka akapata watu wa kuisukuma. Alirudi na kichomi. Hata wiki haikuisha akafariki. Mama yangu yeye alipona, akaishi miaka kumi na miwili mingine.

Shuka jeupe lilipoletwa la kumvisha, wifi alinitazama mara moja tu. Hakumwambia mtu, na hakuwahi kunisema tena. Mimi nilikuwa namwogopa hivyo hivyo kila nikimwona. Naye tumemzika mwaka jana, na fundi alishatangulia zamani.

Basi juzi mwanangu, huyu ambaye baba yake hakumwona, ameitoa pikapu nyuma ya zizi. Anaongoza watalii, ana visenti vyake, anasema ataifufua iwe kumbukumbu ya mzee. Ameiosha, akaja kuniuliza, "Mama, mbona milango haifanani? Mzee alitaka nyeupe ipi? Nataka niipake aliyoipenda yeye." Nikamwambia moshi umeniingia machoni, nikaingia ndani.

Fundi wake anakuja Jumatatu. Nikitaja yoyote ataamini, hakuna mwingine wa kumuuliza. Lakini mimi sijui mume wangu alipenda ipi. Aliniuliza mimi, mimi sikumuuliza. Na nikimweleza kwa nini sijui, itabidi nimwambie na lile neno la sanda, na huyu ndiye mtoto anayenilisha na kuniita shujaa mbele za watu.

Mwenye matusi ayaweke, nimeshajitukana ya kutosha. Ila ninyi wenye wazazi na wenye watoto, nishaurini. Nimwambie, au nitaje rangi moja nimdanganye kwamba ndiyo baba yake aliyoitaka?