Kura ya Kadi Tano

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya mtaa wa Hurlingham, na nilimpenda mwanamume wa meza ya pili kiasi cha kukosea hata salamu. Akiniambia "sasa", mimi najibu "asante". Kumwambia nilishindwa. Akinikataa, tungetazamana vipi kila asubuhi?

Rafiki yangu wa hapo ofisini, binti wa Kisikh aliyesomea ng'ambo hesabu za kuficha ujumbe wa siri, alichoka kutuangalia. Siku moja wenzetu walipoenda kula, alituketisha sote wawili. Alikuwa amekata kadi ngumu tano, tatu akazitia alama nyekundu, mbili nyeusi.

"Tunapiga kura," alisema. "Swali mnalijua."

Tukainama kama watoto.

Alimpa kila mmoja wetu nyekundu moja na nyeusi moja, akalaza ile nyekundu iliyobaki katikati, kifudifudi. "Ukimtaka mwenzako, weka nyekundu yako karibu na hii. Humtaki, weka nyeusi. Ile nyingine ikae nje yake, zote kifudifudi. Halafu nitazikusanya rundo kwa mpangilio huo, mtazikata kwa zamu, za juu ziende chini, mpaka msijue ipi ni ya nani. Tukifunua tukute nyeusi mbili ni majirani, basi mnatakana. Zikitengana, imekwisha. Na aliyekataa hatajua kamwe kama mwenzake alimtaka."

Niliweka zangu, naye akaweka zake. Mwanamume alipopewa rundo, alikata, akakata tena.

"Wewe, unasonga ugali?" rafiki yangu akamnyang'anya, akazipanga mezani na kuzifunua.

Nyeusi. Nyekundu tatu. Nyeusi mwisho kabisa.

Mwanamume akasimama, akasema anaenda kutafuta chai.

"Keti!" rafiki yangu alipiga kelele. "Nimesahau kuwaambia, hesabu yake ni ya duara!" Akazipanga kadi kwa duara haraka haraka, na zile nyeusi za miisho zikagusana ubavu kwa ubavu.

Nilicheka mpaka nikalia. Mwanamume alimuuliza rafiki yangu, "Una uhakika?"

"Mbona uniulize mimi? Huyo hapo, muulize."

Akanigeukia. "Ni kweli?"

"Kweli kabisa!" nilipaza sauti hadi mlinzi akachungulia dirishani.

Jioni tulitembea kwa miguu hadi kwetu Riruta, viatu vyangu mkononi, tukiongea kwa pamoja bila kusikilizana. Mama alitufungulia, akatutazama, akauliza kama mgeni anakula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. Alikula, akaomba aongezwe. Mwaka uliofuata wazee wa kwao walikuja na mbuzi kuniposa.