Mikono ya Bi Pasi

Saa sita usiku ilipita bila habari. Ndipo binti wa Bi Pasi alipogundua kwamba bado ameushika ufunguo wa nyumba, na umemwachia alama kiganjani. Mbele yake palikuwa na mlango wa chumba cha upasuaji, mweupe, usio na kitasa upande wa nje. Hufunguliwa na walio ndani tu.

"Dada, weka hicho kitu mkobani," alisema mdogo wake, dereva wa lori, aliyekuja na viatu vya kazini. "Umekishika kama tiketi."

"Niache."

"Na siku tatu zote mama hakusema anaumwa?"

"Nilimuuliza asubuhi, nikamuuliza jioni. Anajibu, 'Mimi? Niumwe na nini, kwani nimemeza misumari?' Wewe ungefanyaje?"

Mdogo wake akakuna kichwa.

Kidole tumbo cha mama yao kilikuwa kimepasuka. Daktari alisema kwa mtu wa miaka themanini si ajabu. Kijana angepiga mayowe mpaka majirani wajae uani. Mzee anaweza kukosa hamu ya kula tu, akachanganyikiwa kidogo zaidi ya kawaida, basi. Maneno hayo hayakumfariji binti. Yeye ndiye ambaye watoto wake humtania kwamba anasikia hata maziwa yakichacha. Hili lilimpitaje?

Mama hakuitwa Bi Pasi bure. Kwa miaka thelathini na minane alipiga pasi shuka za nyumba ya wageni, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Alipima moto kwa kidole kilicholowa mate, tss, akajua kama pasi inafaa pamba au hariri. Binti alikulia chini ya meza ile, kati ya vikapu vya foronya. Msimamizi hakutaka kelele, maana wageni walilala upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo aliyeungua hakulia. Alichukua kitambaa kilicho karibu akakikunja pembe kwa pembe, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akakikunjua, akaanza tena, mpaka maumivu yapoe. Wenzake wakimwona hivyo, walimpokea pasi bila neno.

Mwaka jana kichwa cha mama kilianza kumchezea. Siku moja alitoka peku kwenda kazini, kazi aliyoiacha miaka kumi na tano nyuma, akaokotwa kituo cha mabasi. Tangu hapo binti, mpishi wa shule, alikuwa akimfungia mlango kwa nje kila asubuhi. Huko jikoni sufuria zikichemka, mawazo yake yote yalikuwa kwenye komeo. Amefungia ndani nini leo?

Juzi aliporudi alimkuta mama ameketi kitandani, anakunja foronya. Alifurahi. Angalau anajishughulisha. Jana alimletea ya pili.

"Dada, unafanya nini?"

Akatazama chini. Ufunguo ulikuwa umeangukia mapajani, na mtandio wake ulikuwa mikononi, umekunjwa pembe kwa pembe. Ukucha wake ulikuwa unapita kwenye mkunjo.

"Aliniambia," alisema polepole. "Siku tatu ananiambia, nami namwongezea foronya."

Kabla mdogo wake hajauliza, mlango ulifunguka kiasi cha kutoa uso wa nesi.

"Watu wa yule bibi? Ametoka salama, ameamka." Mdogo wake akashusha pumzi kama lori linalofika mwisho wa mteremko. "Anasema haumwi kabisa, kwa hiyo ile dawa kali ya maumivu tutaiacha kwanza. Wazee huwavuruga akili. Ametulia, anachezea shuka tu."

"Anaichezeaje?"

"Anaikunja."

Binti akasimama, ufunguo ukaanguka sakafuni. "Anaumwa, nesi. Anaumwa sana."

"Lakini amesema mwenyewe, dada," alisema nesi.

"Kusema atasema hivyo mpaka kesho. Hiyo ndiyo kulia kwake. Alijifunza kazini, na kichwa kimesahau kila kitu isipokuwa hilo. Naomba mwambie daktari. Mwangalieni mikono, ikitulia, ndiyo amepoa."

Nesi akautazama mtandio uliokunjwa. "Nitamwambia," alisema. Mlango ukajifunga.

Binti aliweka kiganja pale ambapo kitasa kingekuwa. Upande huu palikuwa baridi na laini, hapashikiki. Alifikiri juu ya mama, alivyokuwa akiusukuma mlango wa nyumbani kila siku, akauacha, akarudi kitandani kukunja.

"Keti, dada," mdogo wake alisema. Hakuketi.

Kulikuwa kunakaribia kupambazuka uso wa nesi ulipotokea tena.

"Amepewa dawa. Mikono imelala," alisema. "Ingia. Mmoja tu."

Aliokota ufunguo, akaingia nao.